Ndugu Akitoka Gerezani, Atakaa Wapi? Wasomaji Wanauliza

Barua tatu tulizozichagua safari hii zinatoka mitaa tofauti ya Nairobi, lakini zote zinahusu jamaa aliyetoka au anayekaribia kutoka gerezani, makao yake, na mtu mwenye mamlaka ya kumfuatilia. Tumezifupisha na kuondoa majina.

*Mhariri, kaka yangu anamaliza kifungo katika Gereza la Naivasha. Mahakama ya Nakuru ilimhukumu miaka sita kwa kuvunja nyumba na kuiba, na kwa kuwa haikuwa mara yake ya kwanza, hakimu aliamuru kwamba akitoka awe chini ya uangalizi wa polisi kwa miaka mitatu, akikaa eneo la Webuye, ambako mwenyewe alisema ndiko nyumbani. Wakati huo mama alikuwa hai. Sasa mama hayuko, nyumba imefungwa, na shamba linalimwa na baba mdogo ambaye ametamka waziwazi kwamba hataki kumwona. Mimi ninakaa Kayole na mume wangu amekubali tumpokee. Askari mmoja wa gereza aliniambia nije nimchukue tu, mengine yatajipanga. Je, naweza kumleta Nairobi? Akikosea, nitashikwa mimi? Na landlodi anafaa kuambiwa? — Dada yake, Kayole.*

Dada, usimlete Kayole kabla ya kupata ruhusa iliyoandikwa. Askari aliyekuambia kwamba mengine yatajipanga huenda alikusudia kukutuliza moyo, lakini mamlaka yake yanahusu kifungo, na amri ya uangalizi inaanza kufanya kazi pale kifungo kinapokwisha. Miaka hiyo mitatu haihesabiwi kuanzia siku ya hukumu. Inahesabiwa kuanzia siku kaka yako anapotoka langoni, na kwa hiyo makosa ya siku za mwanzo ndiyo yanayowagharimu watu wengi, kwa sababu ndizo siku ambazo familia iko katika furaha na hakuna anayefikiria karatasi.

Amri ya namna hii inatokana na vifungu vya 343 na 344 vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Mtu aliyewahi kupatikana na kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka mitatu jela au zaidi, kisha akapatikana tena na kosa la uzito huo, anaweza kuwekwa na mahakama chini ya uangalizi wa polisi kwa muda usiozidi miaka mitano. Kwa baadhi ya makosa, ukiwemo uporaji, kifungu cha 344A kinaifanya miaka hiyo mitano kuwa ya lazima, lakini kwa kaka yako ulikuwa uamuzi wa hakimu, naye alichagua mitatu. Masharti ambayo sheria inaruhusu ni haya: kukaa ndani ya eneo lililotajwa, kutohamia eneo jingine bila idhini ya maandishi ya afisa wa polisi anayehusika, kutoondoka katika eneo hilo bila idhini kama hiyo, kumjulisha afisa huyo wakati wote nyumba anamolala, na kufika mbele yake anapoitwa. Mahakama inaweza kuyaweka yote au baadhi tu. Kuyavunja ni kosa jipya la kushtakiwa, hata kama mtu hajaiba sindano.

Kwa sababu hiyo kazi yako ya kwanza haiko Kayole wala Naivasha. Iko katika masijala ya mahakama iliyomhukumu. Omba nakala ya amri iliyothibitishwa kwa muhuri, ukitumia namba ya kesi iliyo kwenye hati ya kifungo, ambayo afisa wa ustawi katika gereza anaweza kukusomea. Usitegemee yale ambayo kaka yako anakumbuka. Nimesoma barua nyingi za aina hii, na mara kwa mara mfungwa anakumbuka idadi ya miaka vizuri kabisa huku maneno kuhusu makao yakiwa yamempita, kwa kuwa siku ya hukumu masikio ya mtu husikia namba peke yake.

Ukiipata nakala, tafuta jibu la swali moja: je, amri inasema kwamba anaweza kuhama kwa idhini ya maandishi ya polisi, au imetaja Webuye na kunyamaza? Kama sharti la idhini limo, mlango uko wazi, na mnayemwendea ni afisa wa polisi anayesimamia eneo la Webuye, mkianzia kwa mkuu wa kituo, yaani OCS. Kama amri imetaja eneo tu bila kueleza namna ya kuhama, msimwombe OCS aandike kinyume cha maneno ya hakimu, kwani hata akiandika kwa huruma, karatasi hiyo haitamkinga kaka yako mbele ya mahakama. Hapo itabidi kuandika maombi mahakamani, ama kwa mahakama iliyotoa amri, ama kwa Mahakama Kuu, ambayo ina uwezo wa kuitisha na kupitia upya maamuzi ya mahakama za chini. Sababu mnazo, tena nzito: mwenye nyumba aliyetegemewa amefariki, na jamaa aliyebaki amekataa. Ambatisheni cheti cha kifo cha mama. Kama hamna wakili, ulizeni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria hapa Nairobi, ambacho kimefanya kazi na wafungwa kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye tarehe, kwa sababu unaweza kuwa na muda mfupi kuliko unavyodhani. Chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, isipokuwa wachache waliotajwa, kama wale wa kifungo cha maisha. Miaka sita, basi, huwa takriban minne. Aidha, kifungu cha 333 cha sheria ile ya mwenendo wa kesi kinaitaka mahakama izingatie muda ambao mtu alikaa rumande kabla ya hukumu, na muda huo ukihesabiwa tarehe inasogea karibu zaidi. Kwa upande mwingine, mfungwa anayepatikana na kosa la nidhamu anaweza kunyang'anywa sehemu ya punguzo, na tarehe ya kutoka ikasogea mbali zaidi. Muulize afisa wa gereza tarehe iliyo kwenye kumbukumbu leo, na uulize tena inapokaribia.

Barua mtakayoiandikia polisi ya Webuye isiwe ya kuomboleza. Iseme jina lake kamili na namba ya kitambulisho, namba ya kesi, tarehe ya kutoka, jina lako na uhusiano wenu, mtaa na jina la ploti unakoishi, namba ya nyumba, kituo cha polisi kilicho karibu, na sababu ya kutowezekana kwa Webuye. Ambatisha barua ya chifu wa kwenu Kayole inayothibitisha kwamba unaishi hapo, na barua yako fupi, yenye sahihi yako na ya mume wako, inayosema mmekubali kumpokea. Sahihi ya mume isikosekane. Afisa anayesoma ombi anataka kujua kama jamaa huyu atafukuzwa baada ya ugomvi wa kwanza kuhusu unga, na karatasi yenye jina moja la watu wawili wanaoishi nyumba moja humtia shaka. Peleka nakala kwa OCS wa Kayole pia, ili jibu la Webuye lisimfikie kama mgeni.

Jambo moja ambalo watu husahau kuliomba ni upana wa eneo lenyewe. Tuseme ruhusa imeandikwa kwamba atakaa Kayole na asiondoke Kayole. Tuseme pia kaka yako anapata kazi ya mjengo, yaani ujenzi, na mjengo unahama: wiki hii msimamizi anaita vibarua Ruai, wiki ijayo anawapakia kwenye lori alfajiri kuelekea Kitengela. Ruai iko ndani ya Kaunti ya Nairobi, Kitengela iko Kajiado. Akipanda lori hilo bila idhini amevunja sharti, ingawa alikuwa anatafuta riziki. Ombeni tangu mwanzo kwamba eneo litajwe kuwa Kaunti ya Nairobi nzima, na kwamba kazi za nje ya kaunti ziombewe idhini kila zinapotokea. Pengine mtapewa kidogo kuliko mlichoomba, lakini anayeomba kijiji hapewi kaunti.

Kila mnapokwenda kituoni, ombeni habari iandikwe kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, na mpewe namba yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na maafisa wa polisi huhamishwa vituo kama walimu. OCS aliyekuelewa mwezi Machi anaweza kuwa Garissa mwezi Juni, na aliyeshika nafasi yake atakuwa na kile kilichoandikwa tu. Kaka yako naye ahifadhi nakala ya amri na nakala ya ruhusa mahali pamoja, na picha yake katika simu yako. Ikiwa kitambulisho chake kimepotea, ashughulikie kingine mapema katika kituo cha Huduma, panapotolewa huduma za serikali, kwa maana kuripoti polisi bila kitambulisho ni kujitafutia maswali.

Na tarehe ikifika kabla ya jibu? Basi aende Webuye. Najua hilo si jibu ulilolitaka. Mtafutieni chumba cha kukodi kwa muda, au mwombeni mjomba, mzee wa kanisa, mtu yeyote asiye baba mdogo, na aripoti kituoni mara tu anapofika, akiwa na nakala ya ombi lililokwisha kuwasilishwa. Mtu anayeomba kuhama akiwa ndani ya masharti yake husikilizwa. Anayeomba akiwa tayari amehama anaonekana ametoroka.

Kuhusu wewe kushikwa: hapana, kumpa ndugu mahali pa kulala hakukufanyi mdhamini wake. Wewe hukusaini dhamana, na kosa lake linabaki lake. Hatari yako inaanzia pale utakapowadanganya polisi kwamba yumo ilhali unajua ameondoka, au kumficha akitafutwa. Akitoweka, toa taarifa siku hiyohiyo. Mwambie hivyo kabla hajafika, uso kwa uso wakati wa kumtembelea, ili asije akaliona kama usaliti baadaye.

Landlodi ni suala la busara zaidi kuliko la sheria. Sijui sheria yoyote inayokulazimisha kumtangazia kosa la ndugu yako, lakini mkataba wako wa nyumba huenda una kifungu kuhusu idadi ya wakaaji, usome. Halafu fikiria usiku ambao afisa wa polisi atagonga geti kuhakikisha kama analala hapo, na keateka, yaani mwangalizi wa ploti, ndiye atakayefungua. Kwa maoni yangu ni afadhali keateka na landlodi wasikie kutoka kwako kwamba kaka yako anakuja kukaa nawe na kwamba yuko chini ya utaratibu wa kuripoti, bila simulizi ndefu ya kesi. Balozi wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama, atajua vyovyote vile.

*Mhariri, kijana wangu alitoka Gereza la Nairobi West baada ya jaji wa Mahakama Kuu kupitia upya kifungo chake, na muda uliobaki ukageuzwa kuwa huduma kwa jamii. Anafanya usafi na kutunza miche katika shule moja ya umma karibu na hapa kwetu Kawangware. Mjomba wake amempatia kazi ya gereji Thika, na pa kulala hukohuko. Afisa wa probesheni, anayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, hajaonekana siku nyingi. Wenzake wanamwambia aende tu, hakuna atakayemtafuta. — Baba, Kawangware.*

Mzee wangu, mzuie. Kifungo cha nje ni kifungo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu mkosaji kutumikia adhabu isiyozidi miaka mitatu kwa kufanya kazi ya umma bila malipo, shuleni, hospitalini, barabarani au kwenye vitalu vya miti, na kabla ya amri kutolewa yeye mwenyewe huelezwa masharti na kukubali. Akiyaacha, afisa anaweza kumrudisha mahakamani, na mahakama inaweza kuifuta amri hiyo na kumpa adhabu nyingine kwa kosa lile la awali, ikiwemo kurudi alikotoka. Kwamba afisa hajaonekana si ushahidi wa kusahauliwa. Katika shule ile yuko mtu aliyepewa jukumu la kusimamia kazi yake na kuandika siku anazofika, na daftari hilo ndilo litakalosomwa.

Hata hivyo, gereji ni habari njema na isipotee bure. Mwambie mjomba aandike barua inayotaja gereji ilipo, kazi yenyewe, saa za kazi na mahali atakapolala, kisha kijana aipeleke mwenyewe kwa afisa wa probesheni anayemsimamia. Afisa ndiye atakayeomba mahakama ibadilishe mahali pa kutumikia amri. Thika ina mahakama yake na ofisi yake ya probesheni, kwa hiyo usimamizi unaweza kuhamishiwa huko, na kijana akapangiwa taasisi nyingine ya umma ya kumalizia muda wake. Njia nyingine ya kuuliza, kama mjomba ni mvumilivu, ni kupangiwa upya saa za huduma ili gereji iendelee upande wa pili wa siku.

Mpaka jibu litolewe, kila siku aliyopangiwa afike shuleni, hata kama gereji inamngoja. Na aombe nakala ya mahudhurio yake hadi sasa, iliyotiwa sahihi na msimamizi wa shule, kabla hajahamishwa, kwa sababu saa alizokwisha kufanya ni zake na hazifai kupotelea njiani kati ya ofisi mbili.

*Mhariri, mwanangu amekaa Kamiti miaka mingi kwa kifungo cha maisha, na amepeleka ombi la msamaha wa Rais. Juzi afisa wa probesheni alifika kwetu mashambani, Kitui, akauliza maswali kwa majirani na kwa chifu. Familia ya marehemu inaishi ng'ambo ya mto na bado ina uchungu. Mimi mwenyewe ninaishi Kariobangi. Afisa amesema atanipigia simu. Nimwambie kwamba nyumbani ni shwari? — Mama yake, Kariobangi.*

Mama, mwambie kama mambo yalivyo. Kifungu cha 133 cha Katiba kinampa Rais uwezo wa kusamehe, pamoja na masharti au bila masharti, au kupunguza adhabu, kwa kufuata ushauri wa kamati maalumu ambamo wamo Mwanasheria Mkuu na Waziri anayesimamia magereza. Kifungu hichohicho kinairuhusu kamati hiyo kuzingatia maoni ya waathiriwa. Afisa aliyefika Kitui anakusanya habari za namna hiyo, na ameshaongea na chifu na majirani kabla hajaongea nawe. Ukimwambia kuna amani ilhali wengine wamemweleza uchungu, ataandika kwamba mama wa mfungwa haeleweki, na neno lako kuhusu mambo mengine yote litapungua uzito.

Unachoweza kumpa ni kitu bora kuliko utulivu wa kubuni: makao mengine. Kama mwanao hawezi kurudi ng'ambo ya mto bila kuamsha kidonda, sema hivyo, kisha sema kwamba Kariobangi kuna nafasi, au kwa dada yake, au kwa ndugu yeyote aliye mbali na familia ya marehemu na aliyekubali kwa hiari yake. Ikiwa wazee wa pande mbili wamewahi kuketi, taja kikao na waliohudhuria. Kama hawajawahi, usiharakishe kikao kwa ajili ya ripoti, kwani familia iliyofiwa inatambua upesi inapotumiwa. Mtu akienda kuwaona, aende kwa sababu alipaswa kwenda zamani.

Sitakuahidi kwamba ombi litakubaliwa. Uamuzi si wa afisa, si wa chifu, na nyumba nzuri peke yake haimtoi mtu Kamiti. Ila ukosefu wa makao yanayoeleweka ni sababu rahisi ya faili kuwekwa kando. Kabla afisa hajapiga simu, andika kwenye karatasi jina la mwenye nyumba mliyoichagua, uhusiano wake na mwanao, mahali ilipo na namba ya simu inayopatikana. Kisha, siku utakapokwenda kumtembelea, mwambie mwanao anwani hiyohiyo, ili kama aliitaja Kitui katika ombi lake aandike barua ya nyongeza kupitia ofisi ya gereza na kueleza kwa nini imebadilika.